Papa, sebene yako imeingia kanisani

Papa,

Huko uliko, tega sikio. Jumapili iliyopita wimbo wako ulipigwa kanisani kwetu Kabondo. Mzima, Papa! Pamoja na sebene, ule mwendo wa mwisho ambapo gitaa linakimbia na watu wanacheza, ule waliokukatazia mpaka ukazikwa.

Tangu uondoke, gitaa lako nalipiga mimi. Tonton Bosco, mdogo wako, alisema msichana hawezi solo. Sasa ndiye anayenibebea ampli. Mama bado anapika pondu ya kukutosha na wewe, kisha anatugombeza kwamba hatumalizi chakula.

Kwaya ilipoomba kuimba wimbo wako, Papa Anselme, mzee wa kanisa, alikubali kwa shingo upande. "Lakini mutakata mbele ya sebene. Ile ni mambo ya baa." Nililia kwa hasira. Halafu nikasema nusu shari kuliko shari kamili.

Basi tukaimba. Tulipofika pale, nikazima nyuzi kama tulivyopatana. Hakuna aliyeketi! Nani Kisangani hii anaketi kabla ya sebene? Kanisa zima limesimama, leso mikononi, linaningoja. Papa Anselme akaashiria wakae. Wapi! Mama akafungua liputa yake ya juu, kile kitenge cha kiunoni, akaitandaza chini mbele ya miguu yangu, kama akina mama wanavyompokea mgeni wa heshima. Mwingine akatandaza yake, na mwingine, mpaka sakafu ikajaa vitambaa. Papa Anselme akaviangalia, akashusha pumzi.

"Bon. Piga basi, mutoto. Batu ya Mungu banangoja."

Nikapiga, Papa! Nilikosea pale pagumu, pale ulipokuwa unanigonga vidole, na hakuna aliyejali. Papa Anselme alicheza kwa mabega tu, koti limefungwa vifungo vyote. Mama alicheza huku analia. Ulizoea kusema, "Miguu nayo Mungu ndiye aliyeiumba." Laiti ungeiona ile miguu. Inaniuma kwamba hukuwepo, lakini furaha imezidi, siwezi kukudanganya.

Mwezi ujao tunapanda mashua kwenda Yangambi, kanisa la huko limeuomba wimbo. Nakuahidi, nitawafundisha mpaka noti ya mwisho. Nikiwa hai, hakuna atakayeukata tena.

Lala salama, Papa wangu. Leo tumeshinda.

Mwanao,
Espérance