Ruhusa Niliyomnyima Bishar

Garissa, Alhamisi. Joto limeanza kabla ya saa mbili asubuhi, na upepo unaovuma hauleti ila vumbi. Nimejifungia ofisini. Sitaki kuonana na mtu.

Bishar ameacha kazi.

Kwa asiyemjua, Bishar ni fundi wetu wa pampu upande wa Wajir, makao yake Griftu. Mimi ni afisa wa wafanyakazi katika shirika linalotunza visima vya mifugo. Kazi yangu ni kuajiri mafundi na kuhakikisha hawaondoki. Hilo la pili limenishinda.

Mambo yalibadilika visima vilipofungwa vifaa vinavyotuma ujumbe kwenye simu kila pampu inaposimama. Wakubwa wakasema hakuna haja tena ya fundi kuzunguka akikagua, kwa hiyo wachache watatosha. Upande wa Wajir walikuwa watatu. Akabaki Bishar peke yake.

Nikaagizwa nibuni motisha ili aliyebaki asivunjike moyo. Nikabuni: vyeti, picha ya fundi bora ukutani, majaketi mazito yenye jina la shirika. Majaketi, kwa jua hili! Na nilijiona hodari.

Kisha mama yake Bishar akaugua, kwao Rhamu. Bishar alinipigia simu kuomba ruhusa ya siku tatu. Asubuhi hiyohiyo ujumbe ulikuwa umeingia kwamba pampu ya Buna imesimama, na wafugaji walikuwa wanafika na ngamia wao kwenye mabirika makavu. Sikuwa na fundi mwingine wa kumtuma.

"Maliza Buna kwanza, walaal," nilimwambia, nikimwita ndugu kwa Kisomali. "Maji yakitoka tu, nenda."

Hakubisha. Alifanya kazi siku mbili, maji yakatoka. Alipofika Rhamu, mama yake alikuwa ameshazikwa.

Wiki mbili baadaye nilimwita mbele ya wafanyakazi wenzake nikampa cheti cha fundi bora, kwa ajili ya kazi ya Buna. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga.

Kinachonichoma ni kwamba nilipokuwa nimesimama pale, sikumkumbuka yule mama hata kidogo.

Juzi nilisafiri hadi Griftu kumbembeleza. Alinikaribisha kwa chai ya maziwa ya ngamia, akanisikiliza mpaka mwisho. Nilimwahidi cheo cha msimamizi. Nilimwahidi mafunzo Nairobi. Msamaha niliuweka mwisho, baada ya cheo na mafunzo, kana kwamba nao ni zawadi nyingine niliyombebea.

"Sina hasira na wewe, walaal," alisema. "Wale ngamia walikuwa na kiu kweli. Lakini kabla mama hajaugua nilikuomba mara tatu mtu wa kunishikia kazi. Ukaniletea jaketi."

"Nitakutafutia msaidizi."

"Lini?"

Ombi hilo niliwahi kulipeleka kwa wakubwa mara moja, wakalikataa, nami sikurudi tena kwao.

"Basi usiniahidi," akasema. Hakupaza sauti. Alikwenda ndani akaniletea funguo za ghala na za gari. Anarudi Rhamu kulima shamba la baba yake kando ya mto Daua. Mzee amebaki peke yake.

Leo nimejaza fomu ya kuondoka kwake. Ina visanduku vya sababu: mshahara, masomo, afya, familia. Nimetia alama kwenye familia. Ni kweli, na ni uongo. Wakubwa wataisoma waseme ni mambo ya nyumbani kwake, sisi tungefanya nini?

Chini ya visanduku palikuwa na nafasi ya maelezo. Nilishika kalamu nikaanza neno moja, kisha nikalifuta. Nami nina watoto wanaosoma kwa kazi hii.

Niliyoyaogopa kuyaandika pale nimeyaandika hapa, mahali ambapo hakuna mkubwa atakayesoma.

Jumatatu nitamhoji fundi kutoka Mandera anayeitaka nafasi hiyo. Tumezungumza kwa simu. Ni mtu mchangamfu. Bila kuulizwa aliniambia mke wake anatarajia kujifungua mwezi ujao, mtoto wao wa kwanza, na akacheka kwa furaha.

Akiniuliza nani atamshikia kazi siku hiyo, nitamjibu nini?

Na asipouliza, nitamwambia?