Tangazo la Tatu

Mjukuu wangu Devota, mke wangu niliyeporwa na polisi mwenzako,

Jumapili niliongoza ibada nzima. Uongo, nilisinzia, nikaamshwa na jina lako. Katekista alisoma tangazo la tatu la ndoa yako na Edwin, akauliza nani anajua kizuizi. Kanisa zima tunajua Edwin alitumbukia kwenye mkondo wa bahari mkifukuza wavuvi wa baruti, na bado unamtafuta kwenye mikoko ya Songo Mnara ingawa wakubwa wako wameacha. Hakuna aliyesema. Hata mimi, na mdomo wangu huu.

Kuku wako sasa anatagia kwenye kofia yangu.

Nimesali rozari yote, mama, lakini sijawahi kuona mkondo ule ukirudisha mtu.

Uliahidi kunikata kucha za miguu. Njoo basi, zinachana mkeka.

Babu yako,
Laurenti