Safu Niliyoiacha Wazi

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Goti linasemaje? Shemeji aliniambia kuwa siku hizi unafika shambani kwa miguu yako na kurudi bila kumlaumu mtu, nikamshukuru Mungu. Sisi huku Singida tu wazima. Upepo unapiga kutwa nzima, mke wangu amekata tamaa ya kufagia, na alizeti imeanza kuinamisha vichwa. Nimechukua karatasi badala ya simu kwa sababu kwa simu ungecheka kabla sijafika mwisho.

Tulipozungumza mara ya mwisho nilikuwa nawaka. Nilikwambia kuwa kwenye kituo hiki cha afya, ambako mimi ndiye katibu, kuna mwizi wa dawa. Ukaniuliza, "Hamisi, una hakika au una hasira?" Nikakununia. Leo nakujibu: nilikuwa na hasira.

Mwizi wangu alikuwa Mama Husna, mjane anayetunza stoo ya dawa. Sindano ya kuzuia damu kwa mama aliyejifungua ilikuwa haikai. Ikiletwa, wiki mbili imekwisha. Mara nyingine tuliwapakia wazazi kwenye gari la wagonjwa, barabara ya vumbi hadi hospitali ya wilaya, kwa ajili ya kichupa kisichozidi kidole. Na wakati huohuo watu wamemwona Mama Husna, si mara moja, juu ya bodaboda na boksi mapajani, anaelekea kijiji jirani cha Iguguno. Wewe ungefikiri nini? Mimi sikufikiri, niliandika. Kurasa nne kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, nakala kwa kamati ya kituo, nikitaka afukuzwe kazi. Kalamu yangu unaijua. Nilimwita kupe aliyenona kwenye kiwele cha ng'ombe wa umma. Sentensi hiyo niliisoma mara tatu kwa raha, Mungu anisamehe.

Kamati ikaitwa. Hao ni wananchi wenyewe, wakulima na wafanyabiashara wadogo, wanaosimamia kituo kwa niaba ya vijiji. Wangekubaliana nami, Mama Husna angerudi nyumbani bila kazi na bila jina. Mwenyekiti, Mzee Mkumbo, akasoma barua yangu yote kwa sauti, pamoja na kupe. Mama Husna alikuwa amekaa, leja ya stoo mapajani, juu yake daftari la shule lililochakaa.

"Mama Husna," akasema Mzee Mkumbo, "watu wanasema unapeleka dawa Iguguno."

"Wanasema kweli. Narudisha nilichoazima. Wewe ukiazima chumvi kwa jirani hurudishi?"

Akafungua daftari. Kila sindano aliyoazima zahanati ya huko ilikuwa imeandikwa, na sahihi ya muuguzi aliyeitoa, na siku iliyorudishwa. Sisi tukiishiwa, yeye anakwenda kuazima ili mzazi asikose. Mzigo wetu ukifika, anaanza kulipa deni la jirani. Ndiyo maana ulikuwa haumalizi wiki mbili.

Nikadakia, "Basi kwa nini kila siku kuazima? Kwa nini hatuletewi ya kutosha?"

Akanitazama kwa upole kabisa. "Fomu ya maombi anaijaza nani, Katibu?"

Dada, fomu naijaza mimi. Kiasi cha kuletewa hupatikana kwa kuangalia tulichotumia kipindi kilichopita. Sasa kuna safu moja inauliza: dawa hii ilikosekana siku ngapi? Jibu lake ndilo linalofanya hesabu iongezwe. Safu hiyo nimekuwa nikiiacha wazi. Niliona ni udaku wa watu wa makaratasi. Kitu hakipo, siku zake za nini? Zile za kuazima nazo zilikuwa kwenye daftari, si kwenye leja, kwa hiyo sikuzihesabu. Kila tulipokosa, fomu yangu ilisema tumetumia kidogo, tukaletewa kidogo zaidi. Na pembeni mwa leja Mama Husna alikuwa amechora mistari myekundu, mmoja kwa kila siku ya rafu tupu. Nimeitia sahihi leja hiyo mara nyingi. Nilidhani anajaribu kalamu.

Mama mmoja muuza vitunguu, mjumbe wa kamati, akasema. "Kumbe kupe tunaye hapa mezani."

Wakacheka wote. Mimi nilichelewa, lakini nilicheka.

Niliomba radhi palepale, nimesimama, kisha kesho yake nikapanda basi kwenda kuifuta barua wilayani. Nikaikuta jaladani, haijaguswa. Uzembe wa ofisi nimeutukana miaka ishirini. Siku ile nusura niupigie magoti. Lakini usidhani nimelainika. Niliwauliza maofisa wa pale: kituo kinaagiza sindano za uzazi chache, kisha chache zaidi, hakuna hata mmoja wenu aliyejiuliza kama wanawake wa huku wameacha kuzaa? Kosa ni langu, lakini fomu ilipita mikononi mwa wasomi watatu baada yangu. Wakafungua majalada mengine. Nitawauliza tena.

Mzigo wa maombi mapya umefika. Jumanne mzazi mmoja alivuja damu, mkunga akanyoosha mkono rafuni, akaikuta sindano. Ni hilo tu, hakuna kisa kingine. Mama na mtoto wamekwenda nyumbani, nami nilikaa kwenye benchi la wagonjwa nikapumua kama mtu aliyetua gunia.

Nilimpelekea Mama Husna jogoo. Akamtazama, akanitazama. "Katibu, unamletea Mnyiramba kuku, sisi tunaowafuga kuliko wote? Rudi naye. Niletee kalamu nyekundu, yangu imekwisha wino."

Nikanunua mbili. Moja ninayo mimi.

Nisalimie Shemeji, mwambie asikuachie kubeba magunia ya korosho. Nisalimie Mjomba Selemani fundi seremala, na Shangazi Fatu aliyezalisha nusu ya kijiji bila fomu yoyote. Najua atacheka kuliko wote. Mke wangu anakuamkia.

Barua hii imelala mezani siku tatu kabla ya kuingia kwenye bahasha. Ndiyo sheria yangu mpya.

Mdogo wako,
Hamisi