Mbele, Upande wa Kushoto

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumanne asubuhi.

Mpendwa kitindamimba wetu,

U mzima? Kiuno je, mgongo je? Zamani nilikuwa nauliza afya yako kwa ujumla, sasa imebidi niulize kiungo kimoja kimoja. Sisi huku kimwili hatujambo. Presha ya Mama imetulia, kikohozi changu kimeondoka chenyewe, na paka wa jirani amezaa ndani ya kapu langu la vitambaa, nami sina moyo wa kumfukuza. Kama unakula na unalala, namshukuru Mungu.

Nimeona hili nikuandikie kwa mkono, kisha nikupigie picha kurasa uzisome kwenye simu. Kuongea nisingeweza. Ningepiga kelele mpaka majirani wakaja na ndoo wakidhani nyumba inaungua.

Mdogo wangu, ile fainali tumeitazama.

Ulimwambia Mama kwamba kundi lenu limeingia fainali, Jumamosi alasiri, chaneli ya kimataifa, tusikose. Sasa jua Baba alikuwa katika hali gani. Tangu uliposema kwamba umechukuliwa kwenye kundi na sasa unacheza, hakuna mteja aliyeingia gereji akatoka bila kusikia habari zako. Alikuuliza kupitia Mama unacheza wapi, nawe ukajibu: mbele, upande wa kushoto. Tena ukasema mwalimu wenu ni mkali, mazoezi ni kila siku, goti linakusumbua. Baba akaanza kukuita winga. Nani katika ukoo huu angewaza kitu kingine?

Basi Jumamosi akafunga gereji mchana, jambo ambalo hata siku ya harusi yangu alilifanya kwa kunung'unika. Akaja na mafundi wake wawili, Spana na yule mrefu wa kupaka rangi. Tukabanana sebuleni. Nikatoa na viti vya wateja wangu.

Chaneli ikafunguka na muziki. Mtangazaji aliyevaa koti la kumetameta akabwabwaja kwa lugha tusiyoijua, zikaanza video, kila nchi na wimbo wake. Baba akasema tutulie, muziki huwekwa kabla ya mechi kuchangamsha watu. Tukatulia. Jamani, tulitulia!

Nchi ya kwanza ilimleta dada mmoja kakaa kwenye beseni la kuogea na gauni la harusi, maji mpaka kifuani, anaimba. Nilishika mdomo. Lesi ile naijua, ikilowa hivyo inavutika na haivaliki tena. Mama hakujali gauni, alitaka kujua nani kamkosea yule binti mpaka akaoge na nguo zake.

Akaja mwanamume mwenye ndevu za kusukwa, anachoma kinanda. Si kwa bahati mbaya! Kakimwagia mafuta, kawasha kiberiti, halafu anakipiga huku kinawaka. Baba akasimama. "Kinanda kizima!" Spana akasema labda kilikuwa kibovu. Baba akamgeukia kwa hasira, akamwambia kibovu hutengenezwa.

Mwingine alichana shati lake kifuani kwa uchungu wa mapenzi. Hapo nilicheka peke yangu. Shati lile lilikuwa limepigwa bandi tu, ile mishono mirefu ya kushikizia, hata mtoto mchanga angelichana. Aje avae shati nililoshona mimi, nione uchungu wake utafika wapi!

Lakini waliowamaliza mafundi ni mabinti watatu walioimba juu ya gari lililopinduka, linatoka moshi. Wimbo hakuna aliyeusikia. Spana anadai ni rejeta, yule wa rangi anaapa ni gasketi, Baba anasema nyinyi wawili nimewafundisha bure, gari hilo halina injini kabisa. Walibishana mpaka ikapita video nzima ya bibi kizee anayembembeleza farasi kwa wimbo ndani ya lifti. Hiyo tuliiona mimi na Mama tu, na mpaka leo hakuna anayetuamini.

Mama akauliza mpira unaanza lini. Baba akajibu kwamba wachezaji bado wanapasha misuli.

Ndipo ikaja video nyingine. Ardhi nyeupe tupu, mwimbaji ana pembe kichwani, nyuma yake kundi la watu waliovikwa kitu kinachong'aa kama karatasi ya kufungia chakula, mgongoni mabawa. Mimi nikawa nashughulika na mabawa, najiuliza yameshikizwa wapi mbona hayayumbi. Mama akasema polepole, "Mtazameni yule wa mbele, upande wa kushoto."

Wee! Nilitazama. Kijana anajirusha juu, anajikunja, anaanguka, anainuka kabla hujamhurumia. Masikio yale ni ya ukoo wetu, hayafichiki hata kwa mabawa. Spana akakohoa. Yule wa rangi akaanza kutazama dari. Na hapo hapo maneno yako yote yakajipanga upya kichwani mwangu: kundi, mwalimu, mazoezi, fainali, nacheza. Hukutudanganya hata neno moja! Fainali ilikuwa ya nyimbo, wewe ulisema unacheza, sisi tukaongeza mpira wenyewe.

Baba alitazama mpaka mwisho. Kisha akainuka, akachukua funguo, akaenda kufungua gereji. Hakubamiza hata mlango, na hilo ndilo lililonitia hofu, kwa sababu Baba akikasirika hubwata, na akishabwata huwa yameisha.

Nikwambie ukweli, nilikuogopea. Jumapili hakula nasi. Mama alishinda jikoni anafuta macho na kusingizia vitunguu, na siku hiyo tulipika wali mtupu. Nami nikakukasirikia, usidhani sikukukasirikia. Neno moja tu lingetosha, dansi, ngoma, chochote! Mtu kajivunia winga mbele ya watu muda wote huu, leo akutane nao vipi? Niliona kabisa atahisi umemvua nguo hadharani, na kwamba kuanzia sasa jina lako halitatajwa tena kwenye nyumba hii. Wakati nakuwazia hayo nilishona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, blauzi ya mwalimu mkuu, nikafumua yote.

Jana ndipo Spana alipokuja mbio kunihadithia. Mteja mmoja mwenye lori aliingia gereji na sauti yake ile ya sokoni, akauliza winga wetu kafunga mangapi. Mafundi wote wakainamia boneti. Baba akanyanyua kichwa, akamtazama yule mtu, akasema, "Nani alikwambia mpira? Mimi nilisema anacheza." Akarudi kukaza nati zake. Nilicheka mbavu zikauma, halafu nikajikuta nalia. Bado sikujua kama alikuwa anakutetea wewe au anajitetea mwenyewe.

Basi niishie hapa na salamu. Mama anakusalimu sana, anasema yeye alikutambua kabla ya masikio, alikutambua ulivyoinuka. Shangazi anakusalimu, hajaambiwa lolote, na tukimwambia, habari zitakufikia kabla ya barua hii. Spana anakusalimu na anauliza yule mwenye pembe anapitaje...

Samahani, nimekatizwa. Baba kaingia.

Kaingia humu chumbani na mikono yake ya grisi, mahali nilipompiga marufuku kwa ajili ya vitambaa vya watu. Kaniambia nimwekee ile video kwenye simu. Kaitazama bila sauti, simu nimeishika mimi. Nilikuwa nimejiandaa kutetea mabawa, nilikuwa na maneno tayari. Hakuyagusa mabawa. Kaweka kidole kwenye kioo, chini kabisa, kwenye miguu yako.

"Hapa chini ni barafu?"

Nikamwambia naona ni barafu.

"Ya kweli, au ya kutengeneza?"

Nikasema sijui, Baba.

"Mbona hana viatu?"

Mdogo wangu, video hiyo nimeitazama mpaka naiota, nimehesabu hata mishono ya karatasi yako, na miguu yako sikuwa nimeiona. Akasema, muulize.

Basi nakuuliza. Barafu ile ilikuwa ya kweli? Walikuacha humo kwa muda gani? Mlipomaliza, kuna mtu aliyekupa soksi?

Amekaa kwenye kiti cha wateja hapa nyuma yangu, magari yanamngoja na hataki kuondoka. Nimemwambia barua huchukua muda kujibiwa. Anasema kama ni hivyo usiandike. Piga simu, na usipige kwa Mama kama ulivyozoea. Piga kwake.

Mungu akutunze huko uliko na akupe joto la kutosha mwili mzima.

Wako akupendaye, hata ukiwa na mabawa,

Dada yako wa cherehani.