Mama, Unaishi Wapi?

Mpendwa mama,

Jumatatu naanza kufundisha. Ndiyo, mimi, yule uliyekuwa ukimtangaza kwa majirani kwamba serikali imemsomesha weee, akaishia kukanda watu miguu. Hospitali imenichagua niwafundishe wenzangu wa mazoezi ya viungo, wale wanaohudumia watu waliopooza, kozi fupi ya kuwaongezea ujuzi. Nimepewa somo moja tu: namna ya kumpima mgonjwa wa kiharusi kama akili yake imesimama sawa. Maswali yenyewe mepesi. Jina lako nani? Leo siku gani? Unaishi wapi? Tangu juzi nimekaa na somo hili na sijui pa kuanzia, maana kila nikifika swali la mwisho nakuona wewe, umekaa kitandani, umenikazia macho.

Unaikumbuka siku ile? Safari hiyo mwanafunzi wa kozi nilikuwa mimi. Mkufunzi alikuwa mama mmoja mrefu kutoka Moshi, mpole, anayeongea taratibu. Akaomba mgonjwa wa kujifunzia, na wenzangu wote wakanigeukia, kwa sababu wewe ulikuwa wodini pale Musoma tangu upande wako wa kushoto upooze ukiwa unapepeta mtama. Alikuuliza jina, ukamwambia. Siku, ukamwambia. Alipouliza unaishi wapi ukamtajia kwetu Mugeta, kule ng'ambo ya mto, na kwamba mlango wa nyumba umetazama mlimani.

"Ni sahihi?" mkufunzi akaniuliza.

Nikasema ni sahihi. Kisha nikasema si sahihi. Wenzangu wakaangua kicheko. Sasa ningefanyaje, mama? Wewe ukiwa wodini, watu wa kwetu wote walikuwa wamehamishiwa na serikali kijiji kipya kando ya barabara, na kaka Magesa alikuwa ameshaibomoa nyumba yako, akabeba nguzo na mlango akaenda kujenga upya. Tulikuwa hatujakwambia, tuliogopa presha itakupanda. Na jina la hicho kijiji lenyewe lilikuwa bado halijatulia, mwenyekiti ana lake, Magesa ana lake. Basi mgonjwa alijibu bila kusita, na mtaalamu ndiye aliyebabaika.

Mkufunzi alitupa na jambo jingine, nikalipokea kwa mikono miwili. Alisema mtu aliyepooza asifundishwe kutembea kwenye sakafu ya hospitali tu. Apelekwe kwake, avuke kizingiti chake, ashike jiko lake, vitu ambavyo mwili wake umevizoea. Nikasema hewala. Kozi ilipokwisha nikaomba likizo, nikapata lori la pamba lililokuwa linarudi tupu, tukapita Butiama ukiwa umesinzia begani kwangu. Nilikuwa na furaha, mama, sikufichi. Nilijiona nakwenda kukusimamisha.

Loo! Uliposhushwa uliutazama ule mstari wa nyumba zilizopangwa kama madawati ya shule, ukauliza, "Hapa ni kwa nani?"

"Kwako, mama," Magesa akasema. "Si unaona mlango ni ule ule wako?"

"Mlango naujua," ukasema. "Nauliza nyumba."

Nilikufundisha kila nilichokuwa nacho. Nilikushika kiunoni, nikakwambia uegemee upande mbovu, uinue goti, uvute pumzi. Mguu ulikataa katakata. Ulishinda umekaa mlangoni, na kila asubuhi ulidai upelekwe nyumbani. "Mimi naamkaga naona jua linatokea mlimani," ulisema. "Hapa linatokea kwenye choo cha mwenyekiti." Majirani walicheka, lakini pembeni walisema akili yako imekwenda na mkono. Magesa aliwaamini. Mimi niliamini nusu, na hiyo nusu ndiyo iliyonitesa. Kama akili ilikuwa imekwenda, basi nilikuwa najisumbua bure, usingetembea tena. Na kama haikuwa imekwenda, sikujua kabisa niufanyeje ule mguu.

Siku moja nikakuuliza, kwa sauti ile ya kozi, "Mama, unaishi wapi?"

"Na wewe unaishi wapi?"

"Musoma. Buhare."

"Buhare umepanga," ukasema. "Nakuuliza unaishi wapi."

Kesho yake nikamwambia Magesa tukupeleke kule ng'ambo ya mto.

Mashamba ya zamani yalikuwa bado yanalimwa, kwa hiyo hakuna aliyetuuliza kitu tulipofunga ng'ombe kwenye mkokoteni tukasema tunafuata mihogo. Kwetu palikuwa peupe. Mawe ya jiko, majivu, majani yameanza kuota palipokuwa sebule. Nilijua utalia, nikajiandaa kukubembeleza. Wala hukulia. Uliomba fimbo, tukakusimamisha, ukatusukuma na kiwiko tukae mbali. Ukaenda hadi palipokuwa mlango, ukauinua mguu mbovu, ule ule mkaidi, ukauvusha kizingiti ambacho hakipo. Ukakata kulia kuukwepa mtungi wa maji, ukapita kati ya kitanda na ukuta, ukafika jikoni, ukakaa. Magesa alibaki ameshika kamba ya ng'ombe, mdomo wazi. Mimi nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja.

"Mbona unasimama juani kama mgeni?" ukaniita. "Pita ndani."

Nikakukimbilia moja kwa moja.

"We Nyabise! Unapita ukutani?"

Ukacheka mpaka bega likatikisika. Nikasimama pale pale, sijui niko ndani au nje. Mama, hebu niambie leo, ulikuwa unanitania? Au ukuta uliuona? Utani ulikuwa damuni mwako, ungeweza kumtania hata hakimu. Lakini uso wako ulikuwa umelegea upande mmoja, na mimi mtaalamu wa nyuso za namna hiyo nilishindwa kuusoma.

Kila tulipopata nafasi tulikurudisha kule, na kila mara ulitembea. Tukirudi kijijini, mguu unalala. Hilo kozi haikunifundisha. Mkufunzi alipokuja tena kutuongezea mafunzo, aliniuliza kama mama yangu alitembea. Nikamwambia ndiyo, anatembea vizuri, ila ndani ya nyumba tu. "Vizuri sana," akasema, akaendelea na somo. Mpaka leo sijui kama siku ile nilisema kweli.

Sasa Jumatatu wenzangu watanitazama wakisubiri niwaambie jibu lipi ni sahihi na lipi ni la mtu aliyechanganyikiwa. Nikisema sijui, wataona nimepewa kazi kimakosa. Nimekukumbuka, mama, na nina hasira na wewe kidogo, umeondoka bila kunijibu.

Halafu nakumbuka siku tuliyokupeleka kule kwa mara ya mwisho, kukulaza karibu na baba. Tulikubaliana uwekwe kwanza palipokuwa sebule yako, tukusomee sala. Majani yalikuwa yamefika magotini, hata mawe ya jiko hayaonekani. Wanaume waliobeba jeneza wakakata njia ya mkato, moja kwa moja. Nikajikuta napiga kelele, "Jamani, mlangoni! Mpitisheni mlangoni!" Watu wakanishika mikono, wakanipa pole, wakanong'ona kwamba uchungu umenichanganya. Huenda ni kweli. Lakini Magesa, aliyekuwa amebeba mbele, alisimama. Akawageuza wenzake, wakazunguka naye kwenye yale majani hadi upande wa mlimani, na alipofika pale akauinua mguu juu, akavuka, na wale waliomfuata nyuma wakainua yao.

Upumzike huko kwako, mama, na baba umsalimie.

Ni mimi binti yako,
Nyabise