Lori Dogo la Karakana Yako

Mpendwa shemeji Musa,

Mpaka sasa sijaamini. Ijumaa tumekunywa chai pamoja, unanicheka kwamba kikombe changu kina sukari nyingi kuliko maji. Jumapili dada yangu Halima ananiambia wewe, mumewe, umechukuliwa na homa. Homa! Mtu ametoka Kitui, akalizoea jua la Garissa, halafu homa tu? Nimebaki kinywa wazi kama boneti ya lori bovu.

Nakumbuka ulivyokuja na lile lori dogo la rimoti, la kunywa mafuta ya nitro, uliloachiwa na mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Mkuu wa shule yenu alitaka karakana yako ya kufundishia ufundi iwe stoo ya mahindi. Ukamwahidi kwamba mbele ya maofisa wa elimu, lori hilo litavuta jerikeni la maji kwenye mchanga. Kulijaribu tu, gia ya plastiki ikang'oka meno yote.

Ukaja kwangu. Ulijua uende kwa nani! Mimi niliyefungua difu ya lori, zile gia za nyuma, njia ya Rhamu, simba akinishikia tochi.

"Shemeji, ugonjwa ni nafasi kati ya gia," nilikuambia. "Gia zikiachana, zinatafunana."

Nikakata washa nyembamba, viduara vya bati, kutoka kopo la mafuta ya msaada wa kambi ya Dagahaley, tukazipanga ndani ya difu mpaka gia zikakumbatiana. Gia ya plastiki nikaitupa, nikaweka ya chuma kutoka cherehani mbovu. Shafti ya magurudumu tukaichonga kutoka bolti ya lori.

"Itashika?" ukauliza.

"Hii itavuta ngamia, na ngamia mwenyewe hataki!"

Siku yenyewe maofisa wamekaa kivulini, wewe jasho linakutiririka. Nikapiga kelele, "Futa, shemeji! Futa!" Nawe, wallahi, ukatoa leso, ukaanza kulipangusa lori.

Wanafunzi wakaanguka kwa kicheko. "Mwalimu, abti anasema vuta! Vuta kamba ya injini!" Watoto wa mtaa wote huniita abti, mjomba, na wanajua kwamba sisi Wasomali v yetu hutoka kama f.

Wewe hukucheka. Chini ya vumbi ulilofuta, pini ya shafti ilikuwa imechomoka nusu. Ungevuta ile kamba, kazi yetu ingetawanyika mbele ya wakubwa. Ukairudisha pini kwa koleo, ukanitazama umeduwaa.

"Shemeji, ulijuaje?"

"Nikisema futa, ni futa."

Mpaka leo nashikilia neno hilo hilo.

Lori likanguruma, likainua pua, jerikeni likafuata kama mbuzi wa kununuliwa. Ofisa mmoja alisimama, kofia ikamdondoka asijue. Karakana ikapona.

Sasa sikia. Leo asubuhi mkuu wa shule amekuja kwangu na ufunguo wako. Anasema nikawafundishe watoto, mpaka apatikane mwalimu mwingine. Mimi niliyeishia darasa la nne! Nimeupokea ufunguo, nikaenda hivyo hivyo.

Nimefungua mlango. Ndani bado kunanuka grisi na ile sabuni yako. Watoto wote wakaingia, wakasimama mbele yangu, wakasalimia kwa pamoja: "Habari ya asubuhi, mwalimu!"

Nikageuka nyuma, nione kama umeingia.

Pumzika, shemeji. Halima na watoto wako kwangu.

Ni mimi,
Abti wa watoto wako