Magoti Kabla ya Mvua

Jumatatu, 3 Machi 2025

Serge amekuja kutoka Lodwar na kochi. Kochi kubwa la kahawia, la kudidimia, limefungwa kamba juu ya pikapu. Blok nzima imetoka kutazama! "Papa, umeshona vya kutosha. Sasa kaa." Kisha mwanangu huyo akapakia cherehani yangu kwenye pikapu hiyohiyo, anampelekea fundi mmoja Kalobeyei, aitumie yeye. Sikuulizwa. Tangu Uvira, kabla hatujakimbilia kambi hii, mguu wangu uko kwenye ile pedali, asubuhi mpaka jioni, na leo imekwenda hivihivi.

Élisabeth analia kwa furaha. Eti sasa watu wataona tuna mtoto.

Kochi ni laini, siwezi kusema uongo. Nimelala humo mchana kutwa.

Jumatano, 12 Machi

Kwetu mzee haondoki kitini. Nikitaka maji, Élisabeth analeta. Redio — nanyoosha kidole tu, inazimwa. Nikijaribu kuinuka mwenyewe anafoka: "Onésphore! Unataka watu waseme nimekutupa?" Baba yangu naye alikaa hivi, na sisi tulikimbia kila upande. Ndiyo heshima.

Lakini leo, kwenda choo, goti la kulia limelia, kisha likakataa. Nikarudi chini, pwa! Nikacheka. Élisabeth hakucheka. Akaniingiza mikono kwapani, akaninyanyua, nikamsikia anavyoguna. Yeye naye si msichana. Jioni nzima ameshika kiuno.

Jumamosi, 15 Machi

Nakiru ameleta makaa. Bibi huyu Mturkana ni jirani yetu, na naapa ananizidi umri. Akakaa chini mchangani, miguu imenyooka, akapiga soga na Élisabeth, halafu akainuka bila kushika chochote. Kama mtoto!

"Ejok, mzee. Bado umekaa?"

"Ejok. Bado."

"Mbuzi akikaa hivyo, sisi tunanoa kisu."

Mdomo gani huo! Élisabeth amenuna mpaka sasa.

Kabla ya kuondoka alisimama nyuma ya nyumba kutazama laga, huu mto wa mchanga. Mafuriko ya mwaka jana yaliumega ukingo, sasa uko karibu kabisa na ua wetu wa miiba. Laga yenyewe kavu, mchanga mtupu, vijana wanacheza mpira ndani. Nakiru anasema laga hii haingoji mvua ya hapa. Mvua inanyesha huko milimani, upande wa Uganda, huku kwetu jua kali, halafu maji yanafika kwa ghafla. Upepo wa mwaka huu yeye haupendi. Nikamwambia tumesikia. Akatazama laga, akatazama miguu yangu, akaenda zake.

Jumanne, 18 Machi

Nimeaibika leo. Amekuja binti mmoja wa fizio, wa mazoezi ya viungo, kutoka Lodwar, Rispa, anazungukia wazee wa blok. Mpole, anacheka, nikampenda. Akasema: funga mikono kifuani, mzee, halafu simama.

Sikusimama. Jasho likanitoka, kochi linanivuta chini. "Jaribu tena." Wapi! Nikakasirika. Nikamwambia mimi nina ugonjwa wa uzee, basi. Akasema uzee ni kitu kingine na kukaa ni kitu kingine. Nyama ya paja isiyotumika inaondoka. Goti lisilokunjwa linakauka kama bawaba ya mlango. Lakini inarudi, mzee, hata kwa umri wako — ila uiite kila siku.

Kisha naye akaenda nyuma ya nyumba. Akarudi uso umebadilika. Akamuuliza Élisabeth: maji yakija mchana na wewe uko sokoni, nani atambeba mzee mpaka barabarani?

"Mungu," Élisabeth akajibu.

"Na Mungu amkute amekaa?"

Élisabeth akaingia ndani. Mimi nikamwambia binti: basi nionyeshe.

Amenifundisha. Kiti kigumu, kirefu, siyo kochi. Sogea ukingoni. Vuta nyayo nyuma ya magoti. Pua mbele, ipite vidole vya miguu. Sukuma. Ukisimama, shika nguzo, panda kwa vidole, shuka taratibu. Paja likiwaka moto ni sawa. Goti likichoma kama sindano, acha.

Sasa nimelala na sauti yake kichwani. Mvua kubwa ni mwezi ujao. Naogopa. Nimeliandika, basi.

Jumatatu, 24 Machi

Nafanya kwa siri, kama mwizi. Élisabeth akienda bombani natambaa mpaka kwenye kiti cha plastiki. Sogea, vuta, pua, sukuma. Siku za kwanza nilishika meza. Juzi nilishika kwa vidole tu. Leo — bila mikono! Mapaja yanatetemeka, machozi yananitoka, nikapiga kelele peke yangu kama mlevi. Nakiru akasikia ng'ambo ya ua, akapiga vigelegele bila kujua ni vya nini.

Élisabeth akarudi akanikuta wima, nimeshika nguzo. Jerikeni ikamtoka mkononi.

Ugomvi! Eti nataka kumwaibisha kanisani. Eti wamama watasema Mama Serge anamtuma mzee kazi. Akampigia mtoto simu Lodwar. "Papa, nilikununulia kochi la nini?" Nikamwambia: la kukalia, mwanangu, na sasa nataka kusimama. Serge akasema mtandao ni mbaya. Mtandao wa Lodwar, hm!

Usiku Élisabeth amenikanda magoti kwa mafuta ya mawese. Hajasema kama bado amekasirika. Amekanda vizuri.

Jumapili, 30 Machi

Nimevuka laga kwa miguu yangu mpaka kanisani! Fimbo, Élisabeth upande mmoja, nikapumzika katikati, kwenye mchanga. Kwaya ikageuka kunitazama badala ya kumtazama mwalimu wao. Élisabeth alijifanya hanijui, kisha akaniletea kiti mbele.

Kurudi, goti limevimba kidogo. Rispa alisema hivyo huja, nipunguze lakini nisiache.

Jambo moja silipendi. Tukiwa katikati ya laga niliona huko milimani kumefunga, kweusi tii. Hapa jua linachoma kichwa. Nikamwonyesha Élisabeth. Akasema tembea.

Ijumaa, 4 Aprili

Malaria. Sioni mstari. Kitandani.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimeamka leo. Yako wapi mapaja yangu? Suruali inazunguka. Rispa amekuja, ameyabonyeza, hakucheka. Anasema kitanda kinakula upesi kuliko tunavyojenga. Nianze upya, pole pole, nisikate tamaa. Nikauliza itachukua muda gani. Akatazama mlango wa nyuma, akasema nianze leo.

Nakiru amehama! Kibanda, mbuzi, makaa, vyote amevipandisha juu ng'ambo ya barabara. Alipita asubuhi kutuaga, hana mzaha hata kidogo. "Hameni leo. Siyo kesho." Élisabeth akasema tunahama baada ya Pasaka, Serge atakuja na pikapu.

"Pikapu ya nini? Vitu vyenu ni hivi viwili vitatu."

"Ya kubeba kochi."

Nakiru akatutazama wote wawili. Akasema neno kwa Kiturkana na hakutafsiri.

Nilitaka kusema tuliache kochi, twende. Nimechoka, homa bado iko kwenye mifupa. Nikaacha. Kwa hiyo tunangoja kochi libebwe!

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Élisabeth yuko kwenye maandamano, ng'ambo ya laga. Nilimwambia aende, tangu malaria hajatoka hata siku moja. Ameniweka kwenye kochi uani chini ya turubai, chai kwenye chupa, Biblia, daftari hili. Niliomba kiti cha plastiki. Amekiazimisha kanisani kwa wageni wa Pasaka, kiko chini ya makalio ya mtu mwingine huko.

Blok tupu. Wote wako kanisani au sokoni. Jua. Hata tone hakuna. Nawasikia wakiimba kwa mbali.

Kuna mlio. Nilidhani lori. Lakini barabara iko mbele na huu unatoka nyuma.

Ni maji.

Ee Mungu wangu, ni maji! Ya rangi ya chai ya maziwa, yanabeba miti mizima, jerikeni, mbuzi. Ua wa nyuma umeondoka wote kwa mkupuo mmoja. Sasa nikigeuza shingo na kuchungulia pembeni ya kochi naona laga yote mpaka ng'ambo. Nimeita. Nimeita mpaka koo limekwisha. Kuimba kumekoma.

Nimejaribu kuinuka. Nimerudi. Nimejaribu kujigeuza nishuke kwa magoti, mkono ukateleza, goti likachoma sana. Napumzika. Naandika mpaka pumzi irudi, kisha nisukume tena. Maji yameingia uani, bado yako chini ya kifundo cha mguu. Barabara siyo mbali. Mtu aliye wima anafika.

Watu wamejaa ukingoni ng'ambo, bado wameshika matawi. Namwona Élisabeth! Kitambaa chake cha manjano. Ameshafunga kitenge juu ya magoti. Anataka kuvuka! Wanaume wawili wamemshika, anawapiga kwa tawi, amemponyoka mmoja. Anaita jina langu. Anatazama nyumba, hanioni. Nimezama humu ndani, mgongo wa kochi unanificha, ataona kochi tu.

Hajui kuogelea huyu mwanamke. Atajitupa! Namjua, atajitupa.

Akiniona nimesimama atatulia. Hilo tu. Aone kichwa changu juu ya hili kochi, ajue naweza kwenda mwenyewe, abaki huko huko.

Yamefika kwenye kifundo. Nasogea ukingoni. Nimesogea. Nyayo nyuma. Pua mbele, Onésphore, pua mbele, na usi—